Timu ya taifa ya Komoro: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Komoro wanapocheza AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, au wanapopangwa kundi moja na nchi ya huku kwetu, maswali ni yaleyale. Hawa wametokea wapi? Mbona wachezaji wote wako Ufaransa? Na yule beki aliyekaa golini, ilikuwaje? Nimeyakusanya hapa, na majibu yake, ili mjadala mwingine ukianza tuanzie mbele kidogo.

Komoro ni nchi ndogo kiasi gani?

Ndogo kweli. Visiwa vitatu, Ngazidja, Nzwani na Mwali, vyote kwa pamoja havifiki kilomita za mraba 2,000. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu 758,316, idadi ambayo hata baadhi ya mikoa ya Tanzania inaizidi kwa mbali. Uhuru walipata Julai 6, 1975 kutoka kwa Ufaransa. Kisiwa cha nne, Maore au Mayotte, kilibaki chini ya Wafaransa, na hilo nitalirudia kwa sababu linagusa timu moja kwa moja.

Timu ilianza lini?

Shirikisho la soka liliundwa 1979, na mwaka huohuo walishiriki Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi kule Réunion. Kwa miaka mingi mashindano yao yalikuwa hayo tu. FIFA waliingia 2005, kwa hiyo katika mechi zenye uzito wa dunia timu hii ni changa. Mtu anayewalinganisha na Kenya au Uganda, nchi zilizokuwa zikicheza kufuzu tangu enzi za babu zetu, inabidi alikumbuke hilo kwanza.

Kwa nini wanaitwa Silikanti?

Ni yule samaki ambaye wataalamu waliamini alikwisha kutoweka mamilioni ya miaka iliyopita, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili kuwafikia wataalamu alitoka Komoro, mwaka 1952. Wavuvi wa visiwani walikuwa wakimjua siku zote, wanamwita gombesa, na hawakumthamini sana kwa mlo. Watu wa Tanga nao wanamfahamu, maana hunaswa kwenye nyavu zao na hifadhi ya bahari ya huko imepewa jina lake. Kwa timu ambayo hakuna aliyejua kama ipo, jina limewakaa.

Mwanzoni walikuwa wabovu kiasi gani?

Desemba 2006 walikuwa nafasi ya 207 katika orodha ya FIFA. Mechi zao za kwanza za kufuzu Kombe la Dunia, mwishoni mwa 2007, walikutana na Madagaska: walifungwa 6-2, kisha 4-0. Jumla mabao kumi. Na Madagaska wa wakati ule hawakuwa tishio kwa mtu yeyote.

Kufuzu AFCON ya 2012 waliwekwa na Zambia, Libya na Msumbiji. Wakaondoka na pointi moja, sare ya 1-1 na Libya nyumbani. Zambia ndio waliokwenda kuchukua kombe lenyewe, hivyo kundi halikuwa jepesi. Lakini hata Msumbiji waliwaonea, wakawatoa tena katika kufuzu Kombe la Dunia la 2014 kwa jumla ya 5-1.

Wachezaji wao wanatoka wapi hasa?

Hapa ndipo ilipo siri yote, ingawa ni siri ambayo kila mtu anaiona. Wanatoka Marseille, na miji ya kusini mwa Ufaransa kwa ujumla, na kidogo Paris. Marseille ina jamii kubwa ya Wakomoro, makumi ya maelfu ya watu, familia zilizofika kwa meli na baadaye kwa ndege kizazi baada ya kizazi. Watoto wao wamekulia kwenye viwanja vya mitaani na shule za soka za Ufaransa, ambazo ni miongoni mwa bora duniani.

Chukua kikosi kilichocheza AFCON yao ya kwanza, mwanzoni mwa 2022. Youssouf M'Changama, kiungo mwenye mguu wa kushoto unaotisha kwenye mipira ya adhabu, kazaliwa Marseille. Faïz Selemani, Marseille. Kipa Salim Ben Boina, Marseille. Nahodha Nadjim Abdou, yule anayeitwa Jimmy, aliyecheza miaka mingi Millwall ya Uingereza, kazaliwa Martigues, mji wa jirani. Kipa Ali Ahamada naye Martigues. Huyu Ahamada mashabiki wa Tanzania wanamfahamu, maana 2022 alisajiliwa na Azam FC. Kabla ya hapo, akiwa kipa wa Toulouse mwaka 2012, alipanda kwenye kona dakika za majeruhi akawafunga Rennes kwa kichwa.

Lakini msidhani wote walikuwa wakilipwa mamilioni kwenye ligi kubwa. Wakati wa AFCON ile, Ben Boina alikuwa akidakia Endoume, klabu ya madaraja ya chini pale Marseille. Ahamada hakuwa na klabu.

Sasa si ni Wafaransa tu hao?

Swali hili huulizwa kwa dharau, kwa hiyo nitalijibu kwa ufupi. Ni watoto wa Wakomoro, wanakwenda Ngazidja kwa harusi na misiba ya kwao, na FIFA inawaruhusu. Morocco, Algeria, Senegal, Kongo, wote wanafanya hivyohivyo na hakuna anayewauliza. Myziane Maolida alipita timu za vijana za Ufaransa, akaona nafasi ya timu kubwa haiji, akachagua Komoro. Angekaa kusubiri simu ya Paris hadi lini?

Kitu ninachoona watu hawakithamini ni kazi yenyewe ya kuwatafuta. Kijana yuko daraja la tatu Ufaransa, jina lake linasomeka kama la kijijini Nzwani, lakini hajawahi kupigiwa simu na mtu yeyote. Lazima mtu akae amtafute, aongee na wazazi, amkatie tiketi, amshawishi asafiri mwendo mrefu kwenda kucheza na Lesotho. Shirikisho maskini lilifanya hivyo kwa subira, mchezaji mmoja mmoja, miaka kadhaa.

Mbona vilabu vya Komoro huchapwa ovyo na vilabu vyetu?

Kwa sababu ligi ya ndani na timu ya taifa ni vitu viwili tofauti kabisa. Mashabiki wa Yanga wanakumbuka vizuri. Mwaka 2014 waliwafunga Komorozine 7-0 Dar es Salaam, wakaenda kwao wakawaongeza 5-2. Mwaka 2017 wakawafunga Ngaya 5-1 hukohuko visiwani, marudiano yakaisha 1-1. Baada ya matokeo ya namna hiyo mtu wa Jangwani, yaani Yanga, akisikia "Komoro" anahesabu pointi tatu mfukoni, halafu anashangaa timu ya taifa inawatoa jasho Misri.

Ligi ya visiwani bado ni ya ridhaa kwa sehemu kubwa. Kusafiri kisiwa hadi kisiwa kwa ajili ya mechi ni gharama, viwanja ni vichache, na kijana mwenye kipaji akipata njia ya kwenda Ufaransa au Réunion haangalii nyuma. Mimi naona hilo ndilo deni kubwa la mafanikio haya: timu imepanda ghorofani na ligi imebaki pale chini ngazini.

Amir Abdou ni nani?

Ni kocha aliyewajenga. Mzaliwa wa Marseille, wazazi Wakomoro, alikuwa akifundisha soka la ridhaa Ufaransa, hana jina wala medali, alipokabidhiwa timu mwaka 2014. Alikaa miaka minane. Barani kwetu kocha wa taifa akimaliza miaka miwili anafanyiwa sherehe, kwa hiyo minane si jambo dogo.

Hakuleta mpira wa kupendeza sana. Alileta mpangilio: safu ya nyuma iliyobana, viungo wanaokimbia, na watu wawili watatu mbele wenye uwezo wa kuadhibu kosa. Kwanza timu ikaacha kufungwa mabao mengi, halafu ikaanza kupata sare, halafu ndipo ushindi ukaja. Machi 2016 waliwafunga Botswana 1-0, ushindi wao wa kwanza kabisa katika mechi za kufuzu AFCON. Septemba 2018 Cameroon, mabingwa watetezi, walikwenda visiwani na kocha wao mpya Clarence Seedorf, akaambulia 1-1 katika mechi yake ya kwanza. Mwezi uliofuata Morocco waliwashinda Komoro Casablanca kwa penalti ya dakika za majeruhi, kisha wakalazimishwa 2-2 kwenye marudiano.

Abdou aliondoka 2022 akaenda Mauritania. Huko nako, kwenye AFCON iliyochezwa 2024, aliwatoa Algeria kwa 1-0. Bahati haimfuati mtu nchi mbili.

Walifuzuje AFCON kwa mara ya kwanza, na Kenya inahusikaje?

Kundi lilikuwa na Misri, Togo, Kenya na wao. Walianza Novemba 2019 kwa kuwafunga Togo 1-0 Lomé, bao la Faiz Mattoir, kisha wakatoka 0-0 na Misri Moroni, mji mkuu wao. Tayari pointi nne, na hakuna aliyekuwa akiwatazama.

Novemba mwaka uliofuata zikaja mechi mbili za Harambee Stars ndani ya siku chache. Nairobi 1-1. Moroni, Komoro 2, Kenya 1. Wakenya wengi waliichukulia kama aibu ya kufungwa na visiwa, kocha na shirikisho wakasemwa wee. Ukweli ni kwamba siku hiyo Komoro walikuwa timu bora. Na kisasi kilikuwa kipo: mwaka 2014 Kenya ndio waliowatoa katika hatua ya awali ya kufuzu, 1-0 Nairobi na 1-1 visiwani.

Machi 25, 2021 wakahitaji pointi moja tu dhidi ya Togo nyumbani. Ikaisha 0-0, na mji wa Moroni haukulala. Mechi ya mwisho Misri wakawafunga 4-0 Cairo, lakini kazi ilikuwa imekwisha.

Tuelezeni ile mechi ya Ghana.

Januari 18, 2022, Garoua, kwenye AFCON iliyochezwa Cameroon. Komoro walikuwa wamefungwa na Gabon 1-0 na Morocco 2-0, hawana bao wala pointi. Ghana, mabingwa mara nne wa Afrika, walihitaji ushindi ili kuvuka. Orodha ya FIFA iliwaweka Komoro nafasi ya 132.

Dakika ya nne El Fardou Ben Nabouhane akafunga, bao la kwanza la Komoro katika historia ya AFCON. Si mtu wa kubahatisha huyo: mwaka 2018 mabao yake mawili kule Salzburg ndiyo yaliyoipeleka Red Star Belgrade hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Dakika ya 25 nahodha wa Ghana André Ayew akamvaa kipa Ben Boina wakigombea mpira, mwamuzi akaenda kutazama picha, akarudi na kadi nyekundu.

Kipindi cha pili, dakika ya 61, Ahmed Mogni akafanya 2-0. Hapo ndipo timu ndogo huanza kuogopa ushindi wake yenyewe. Ghana, wakiwa kumi, wakarudisha la kwanza kupitia Richmond Boakye, na dakika ya 77 Alexander Djiku akasawazisha. Sare isingewafaa Komoro. Wangeweza kukaa nyuma waondoke na heshima ya pointi moja. Dakika ya 85 Mogni akafunga tena. 3-2.

Ghana wakashika mkia wa kundi na kocha wao Milovan Rajevac akapoteza kazi. Komoro wakapenya kama mmoja wa washindwa bora wa nafasi ya tatu.

Na beki aliyedaka, ilikuwaje?

Hatua ya 16 bora walipangiwa wenyeji Cameroon, Januari 24, uwanja wa Olembe, Yaoundé. Walikwenda Cameroon na makipa watatu. Ben Boina aliumia bega kwenye mechi ya Ghana. Ahamada na Moyadh Ousseni wakakutwa na Uviko. Majibu ya Ahamada yalibadilika siku ya mechi, akaonekana hana tena maambukizi, lakini taratibu za mashindano zilimtaka amalize siku zake za kujitenga. Hakuna kipa.

Akasimama Chaker Alhadhur, beki wa kushoto wa Ajaccio. Alivaa jezi ya kipa, na mgongoni namba yake, 3, ilikuwa imebandikwa kwa utepe, kama mtoto wa shule aliyesahau jezi nyumbani. Dakika ya saba nahodha Jimmy Abdou akatolewa kwa kadi nyekundu. Kwa hiyo: wachezaji kumi, beki golini, uwanja wa wenyeji, na mbele yao Vincent Aboubakar aliyekuwa akifunga kila mechi.

Matarajio ya wengi yalikuwa sita, saba. Karl Toko Ekambi alifunga dakika ya 29. Lakini Alhadhur akawa anaokoa. Alipangua shuti, akainuka, akapangua lililorudi. Kwa mikono isiyojua kudaka mpira, alitumia kila kiungo alicho nacho. Aboubakar akaongeza la pili dakika ya 70. Na dakika ya 81 M'Changama akautenga mpira wa adhabu mbali kabisa na goli, akaupiga kwa ule mguu wa kushoto, ukatua wavuni. 2-1. Dakika za mwisho wenyeji ndio waliokuwa wakitazama saa.

Walitolewa. Ila jioni hiyo pia watu wanane walikufa kwenye msongamano kwenye lango la uwanja huo, na ndiyo maana binafsi huwa sifurahii sana video za mechi ile zinazowekwa na muziki wa kuchekesha.

Ni kweli Ghana ni wateja wa Komoro?

Nusu kweli. Kufuzu Kombe la Dunia la 2018, Komoro waliwatoa kwanza Lesotho kwa bao la ugenini, kisha wakawabana Ghana 0-0 visiwani kabla ya kufungwa 2-0 Kumasi. Ikaja Garoua. Novemba 21, 2023, Ghana wakaenda Moroni wakafungwa 1-0, bao la Maolida. Lakini Oktoba 12, 2025, Accra, Ghana wakashinda 1-0 kwa bao la Mohammed Kudus na kukata tiketi ya Kombe la Dunia. Basi kila mmoja ana la kusema.

Kombe la Dunia wamewahi kufika?

Hapana. Kufuzu lile la 2026 ndipo walipojaribu kweli: walishinda mechi tano na kupoteza tano, pointi 15, nafasi ya nne nyuma ya Ghana, Madagaska na Mali. Hakuna sare hata moja, ajabu kwa timu iliyojengwa juu ya sare. Kilichowaua ni kushindwa na Madagaska mara mbili na Mali mara mbili.

Baada ya 2022 walipotea?

Walikosa AFCON iliyofuata, ile ya Côte d'Ivoire, na kukawa na mwaka wa kubadilishana makocha. Alipokuja Stefano Cusin mwaka 2023 timu ikatulia tena. Kufuzu AFCON ya 2025 waliwekwa na Tunisia, Gambia na Madagaska, wakaongoza kundi bila kufungwa hata mechi moja: ushindi mara tatu, sare tatu, pointi 12. Oktoba 2024 waliwafunga Tunisia 1-0 nyumbani kwao Radès, bao la Rafiki Saïd. Kwangu mimi ushindi huo ni mkubwa kuliko ule wa Ghana. Hakukuwa na kadi nyekundu, hakukuwa na kizaazaa. Walikwenda kwa Waarabu wenye kiburi cha soka, wakajilinda, wakafunga, wakarudi.

AFCON ya Morocco iliwaendeaje?

Walipewa mechi ya ufunguzi dhidi ya wenyeji, Desemba 21, 2025, Rabat. Mapema tu Morocco wakapata penalti, kipa Yannick Pandor akaipangua ya Soufiane Rahimi. Hadi mapumziko 0-0, uwanja mzima umenuna. Kipindi cha pili Brahim Díaz akafunga, kisha Ayoub El Kaabi akapiga tikitaka lililozunguka dunia nzima kwenye simu za watu. 2-0.

Kisha 0-0 na Zambia, 0-0 na Mali. Pointi mbili, nafasi ya tatu, mabao sifuri.

Na hapa Watanzania wana sababu ya kuijua hesabu hii. Taifa Stars nao walimaliza na pointi mbili katika nafasi ya tatu, lakini walikuwa wamefunga mabao matatu, moja kila mechi. Wao wakavuka hadi 16 bora na kukutana na Morocco, Komoro wakafungasha virago. Bao la Feisal Salum dhidi ya Tunisia lilikuwa na thamani ambayo Cusin angeilipia chochote.

Na Uganda?

Septemba 4, 2016, Namboole, Uganda walihitaji kuwafunga Komoro ili warudi AFCON baada ya kukosekana tangu 1978. Farouk Miya akafunga, 1-0, Kampala ikalipuka. Waganda wanaikumbuka tarehe, wengi hawakumbuki mpinzani alikuwa nani.

Kwa nini hatuwaoni kwenye CECAFA?

Kwa sababu CECAFA ni ya Afrika Mashariki na Kati, na kanda yao wao ni COSAFA, ya kusini, pamoja na Madagaska, Mauritius na Shelisheli. Kwa udugu, dini, biashara na ndoa wangekuwa wetu kabisa, ila soka limewaelekeza huko. Pia ni wanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, kwa hiyo hucheza Kombe la Waarabu. Desemba 2025 huko Qatar walikuwa kundi moja na Morocco, Saudi Arabia na Oman, wakapoteza zote tatu. Mechi ya Oman, 2-1, lazima iliwagawa watu wengi wenye babu Ngazidja na shangazi Muscat.

Komoro wako FIFA, kwa nini Zanzibar hawamo?

Swali chungu, na huulizwa zaidi na Wazanzibari. Komoro ni dola yenye kiti Umoja wa Mataifa. Zanzibar iko ndani ya Muungano tangu 1964, na kwa kawaida FIFA hutambua shirikisho moja kwa nchi moja, kwetu TFF la Tanzania. Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, waliipokea Zanzibar kama mwanachama wa 55, Julai mwaka huohuo wakaifuta. Miezi michache baadaye Zanzibar Heroes walifika fainali ya CECAFA kule Machakos wakashindwa na Kenya kwa penalti. Kwa uwezo uwanjani hoja ya Zanzibar haijawahi kuwa dhaifu. Ila haiamuliwi uwanjani.

Mchezaji wa Mayotte anaweza kuichezea Komoro?

Ndiyo. Mfano ni Ben Nabouhane mwenyewe, mzaliwa wa Mayotte na mfungaji bora wa historia ya timu. Kisiwa hicho hakimo FIFA wala CAF, kwa hiyo kwa mchezaji wa huko njia za soka la kimataifa ni Ufaransa au Komoro. Wanasiasa wa pande zote mbili wana maneno mengi kuhusu Maore. Jezi ya kijani imewaweka pamoja bila hotuba, na bendera ya nchi ina nyota nne.

Nyumbani wanachezea wapi?

Zamani Mitsamiouli, kaskazini mwa Ngazidja. Tangu 2019 wana uwanja wa Malouzini, Moroni, uliojengwa kwa msaada wa China. Lakini vigezo vya CAF vimekuwa vikiwatoa nje mara kwa mara. Mechi yao ya "nyumbani" na Tunisia Oktoba 2024 ilichezwa Abidjan. Timu ambayo wachezaji wake wanaishi Ulaya inacheza nyumbani Afrika Magharibi, na shabiki wa Moroni anatazama kwenye runinga. Kuongoza kundi katika hali hiyo si mchezo.

Timu ya wanawake je?

Bado sana. Kwenye michuano ya COSAFA ya wanawake ya 2019 walifungwa na Afrika Kusini 17-0. Ule utaratibu wa kutafuta vipaji Marseille ulielekezwa kwa wavulana.

Wanakosa nini sasa?

Mfungaji. Ben Nabouhane alipoanza kuzeeka hakuna aliyeichukua kazi yake kikamilifu. Maolida ana kasi na chenga, Rafiki Saïd ana jicho la goli, lakini wote ni watu wa pembeni wanaopenda nafasi mbele yao, na mpinzani akikaa nyuma hawana mtu wa kusimama katikati ya mabeki wawili akaupokea mpira na kuugeuza. Lilionekana Morocco dhidi ya Zambia na Mali, mechi mbili bila bao. Ulinzi wanao, kipa wanaye, kiungo si haba. Namba tisa akipatikana, awe wa Marseille, wa Mamoudzou kule Mayotte au wa Mutsamudu kule Nzwani, kundi lolote watakaloingia litakuwa gumu kwa wengine.